Boneti ya Kijani cha Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilisugua gari la Mganga Mkuu kwa majivu na mchanga. Naliandika jambo hili mapema ili msomaji asije akanipa heshima nisiyoistahili. Wala hakuna aliyenituma. Foromani wa karakana ya misheni, hapa hapa Lushoto, alinipa ndoo, kitambaa na maneno manne tu, "Osha hilo gari jeupe," kisha akaenda zake kunywa chai. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache tu iliyopita. Nilijua kueleza kwa nini meli ya chuma haizami, lakini kitu pekee cha bati nilichowahi kusafisha maishani kilikuwa sufuria za mama. Na sufuria za mama ziling'aa kwa majivu ya jikoni na mchanga wa mtoni. Nikaenda kwa mpishi wa misheni, nikaomba majivu, akanijazia kopo bila hata kuuliza ni ya nini. Nikaanza na boneti. Nilisugua kwa bidii, maana nilitaka Foromani akirudi akute kijana mchapakazi.

Alirudi. Alisimama mbele ya gari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Jua lilikuwa limetoka na boneti nzima ilikuwa na alama za duara, kama uwanja uliofagiwa kwa kucha.

"Wewe kijana," akasema taratibu, "mama yako ana gari?"

"Hana, Foromani."

"Ndiyo maana."

Hakunifukuza. Aliniambia nitairudisha boneti ile ilivyokuwa kwa mikono yangu mwenyewe, na yeye atakuwa ananiangalia. Ilinichukua siku tisa. Ndivyo nilivyoingia katika ufundi wa rangi za magari. Wenzangu waliingia kwa mtihani, mimi niliingia kwa adhabu.

Ninyi vijana mnaosoma haya mmezoea kuona fundi anawasha mashine ya polishi na dakika ishirini baadaye gari linaonyesha meno yako. Wakati wetu ilikuwa msasa wa maji, ule msasa laini unaoloweshwa kwenye ndoo usiku kucha. Halafu kompaundi, dawa nzito kama ugali wa mtoto yenye chembe ndogo za kusagia. Na mwisho nta, ya kufunga kazi. Mwendo wa mkono ulikuwa wa kwenda na kurudi, mstari mnyoofu. Ukizungusha mkono, Foromani alikuwa anakohoa. Hakusema kitu, alikohoa tu. Mpaka leo mtu akikohoa karibu yangu mkono wangu unanyooka.

Siku ya tatu ya adhabu aliniuliza kama najua ninachokifanya. Nikasema naondoa mikwaruzo.

"Mkwaruzo hauondolewi," akasema. "Mkwaruzo ni bonde. Wewe umezaliwa milimani, hebu niambie, bonde unaliondoaje?"

"Unalijaza, Foromani."

"Kwa rangi gani? Hulijazi. Unashusha milima iliyo pembeni mpaka ilingane na bonde. Kwa hiyo kila unapoling'arisha gari unalipunguza. Ukipunguza sana unafika kwenye praima, ile rangi ya kijivu ya chini inayoshika bati. Ukiiona praima, ufundi umekwisha, sasa tafuta udhuru."

Sijawahi kufundishwa jambo lingine kubwa kuliko hilo, na sikulielewa hadi nilipozeeka.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuogopa ukungu. Rangi tuliyotumia ilikuwa ya selulosi, inachanganywa na tina, maji makali ya kuilainisha, na inakauka upesi sana. Hewa ikiwa na unyevu, rangi ile inavuta maji kabla haijakauka, inabaki na weupe ndani yake kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Kwa hiyo kila asubuhi Foromani alitoka nje, akaangalia upande wa mlima Magamba, akarudi akagusa bati la gari kwa mgongo wa mkono. Bati likiwa baridi na linanata, hapakuwa na kupaka siku hiyo. Tulipiga msasa, tukanyoosha mabodi, tukapiga soga. Ndiyo maana karakana yetu ilikuwa na wapiga soga hodari kuliko zote mkoani.

Baada ya miaka kadhaa pale, nilichukuliwa na shamba la mkonge huko chini, upande wa Mazinde. Hapo bosi wangu alikuwa Meneja Usafirishaji, mtu mwenye malori mengi na maneno machache. Ukungu hapakuwa na hata wa dawa. Palikuwa na vumbi na joto. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikishuka Soni kwenda Mombo najihesabu kwamba nimesafiri, na nikifika Mombo naanza kuulizia gari la kurudi. Mazinde ninakuona kutoka juu ya milima yetu, lakini nilikuwa naumwa hamu ya nyumbani kama mtu aliyevushwa bahari. Meneja aliligundua hilo.

"Wewe kila Ijumaa unafiwa na shangazi," aliniambia. "Una mashangazi wangapi?"

"Sisi ni ukoo mkubwa, Meneja."

"Basi Ijumaa hii asife mtu. Kuna malori matatu ya kupaka."

Kutoka pale nilikwenda Tanga mjini, karakana kubwa yenye Msimamizi aliyevaa koti jeupe kama daktari. Huko ndiko nilikoshika mashine ya polishi kwa mara ya kwanza, na huko ndiko nilikounguza rangi. Kuunguza ni kukaa na mashine mahali pamoja mpaka rangi inakwisha na praima inachungulia. Niliunguza ukingo wa mlango wa gari la mteja, sehemu ndogo kama ukucha. Msimamizi alitazama akasema, "Ukingo una rangi nyembamba kuliko uwanda. Hukujua?" Nikasema nilijua. "Ungesema hukujua ningekusamehe haraka zaidi." Nilikaa naye miaka mingi, na kila mwaka nilisema ni wa mwisho. Nilipostaafu nilipanda gari la kwanza la asubuhi, na tulipoanza kupanda kona za Soni nilifungua dirisha nikavuta ile baridi mpaka abiria wa nyuma akalalamika.

Nilidhani nimemaliza. Nina shamba dogo la karoti, miplamu sita, na jirani anayeitwa Mama Zaina, anayelima kabichi upande wa pili wa ua na kunichunguza kuliko anavyozichunguza kabichi zake. Kisha mwaka jana akaja Mama Daktari.

Huyu ni mjane wa daktari aliyekuwa na gari la michezo la viti viwili, lenye paa la turubai la kufunua, ambalo alirudi nalo kutoka masomoni ujanani. Kila mtu wa rika langu hapa Lushoto anakumbuka gari hilo. Lilikuwa jeupe, halafu likawa kijani, na aliyelifanya kijani ni Foromani wangu. Daktari alikuwa amefanya kazi Bulwa, kwenye zahanati ya shamba la chai, na ndiko alikomposa mkewe. Siku moja alikuja karakana na tawi la chai limefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akasema anataka rangi hiyo hiyo, ya jani changa mvua ikiwa imeacha kunyesha. Foromani alichanganya kwa macho siku mbili, tone hili, tone lile, jani mkononi. Hakuandika popote. Mimi ndiye niliyepiga msasa.

Sasa Foromani amekwishafariki, Daktari amefariki, na gari lilikuwa limekaa miaka kwenye banda likilaliwa na kuku. Mama Daktari alikuja na mwanawe mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja na shida. Huyu anataka kulipeleka gari Dar wakalikwangue lote, walipake upya."

"Jekundu," mwanawe akasema. "Mzee, shikamoo. Mimi sina ubaya. Kile kijani kimekufa. Dar kuna mashine inasoma rangi, lakini wanasema hata hiyo haiwezi kusoma rangi iliyopauka, itatoa kijani kingine. Heri jekundu."

"Baba yako hakunichumbia kwenye gari jekundu," mama yake akamjibu. Kisha akanigeukia. "Niambie ukweli. Kile kijani kipo bado, au kimekwisha?"

Nikasema kwamba kinaweza kuwa kipo chini ya ule mpauko, lakini sijui kimebaki kiasi gani. Nikikikosea, hakuna mtu duniani wa kukichanganya tena. Tukakubaliana: nipewe mwezi mmoja. Nikishindwa, linakwenda Dar. Nilitoa sharti moja tu, gari lije kwangu. Mwanawe aliona ni tahadhari ya kifundi. Ukweli ni kwamba kwa Mama Daktari ni mwendo wa nusu saa, na mimi chakula cha mchana napenda kula kwangu.

Likaletwa, likawekwa chini ya banda langu la mabati. Kwa mbali lilionekana kama limepakwa chokaa. Mavi ya kuku yalikuwa yamekula rangi ya buti. Siku ya kwanza niliosha tu, kwa sabuni laini na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye bati. Siku ya pili nilipitisha udongo wa kunasia uchafu, ule laini kama unga uliokandwa. Siku ya tatu nilichagua mahali pa siri chini ya mlango nikajaribu kompaundi nyepesi kwa mkono. Mashine niliiacha kabatini. Sikujua unene wa rangi ile, na mashine haina woga. Mimi ninao wa kutosha.

Kitambaa kikatoka kijani. Mama Zaina akapiga kelele kutoka kwenye ua.

"Baba Upendo! Gari linachuja! Umelifua kama kanga mpya!"

"Ndivyo inavyokuwa."

"Ndivyo inavyokuwa kuharibu mali ya watu?"

Nikamweleza kwamba magari ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, tunaliita klia, kwa hiyo ukiyapiga polishi kitambaa kinatoka cheupe. Rangi ya zamani haina klia. Unachokisugua ni rangi yenyewe, na ile iliyokufa juu ndiyo inayotoka. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo linachuja," akasema, akarudi kwenye kabichi.

Nilikwenda hivyo wiki mbili. Kipande kidogo, mikono kumi kwenda na kurudi, nafuta, naangalia kwa tochi ya pembeni, napumzika. Milango ilirudi. Mabawa ya nyuma yalirudi. Siku moja jua la saa nne liliingia bandani na nikauona ule ujani mchanga kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa kijana, nikaanza kujisifu peke yangu kwa sauti. Nawaonya vijana: usijisifu kabla ya boneti.

Boneti nilianza Jumatatu. Katikati kabisa, ambapo hata kipofu angepaona, baada ya awamu ya tatu ya mikono kumi, likatokea doa la kijivu. Kubwa kama sahani ya chai. Nikafuta. Likabaki. Nikaleta tochi. Likabaki, na pembeni lilikuwa linaendelea kwenda kwenye kijani polepole, kama praima inavyochungulia.

Sitasema uongo. Nililifunika kwa gunia safi, nikaenda kukaa kwenye benchi la jikoni. Nilimwona mwana wa Mama Daktari anakuja na lori. Nililiona gari jekundu. Niliona nikimwambia mama yule kwamba kilikuwepo, Mama, kilikuwepo mpaka Jumatatu. Mke wangu aliniletea chakula na sikukigusa, akatoka akamwita Mama Zaina, maana mimi kutokula kwangu ni habari.

"Onga mshi," akaingia Mama Zaina akisalimu kwa Kisambaa. "Nani kafa?"

"Rangi."

"Rangi ina jamaa? Tupeleke sanda?"

"Mama Zaina, nimefika kwenye praima. Nimemharibia mama wa watu."

"Praima ina rangi gani?"

"Kijivu."

"Na kitambaa chako kimetoka na nini?"

Mkono wangu ukaenda mfukoni. Kitambaa nilikuwa nimekitia mfukoni bila kukitazama. Miaka yote ile ya kufundisha watu kwamba bati linadanganya, kitambaa hakidanganyi, na mimi nilikikunja nikakificha. Mama Zaina alinyoosha mkono akakichomoa mfukoni kama anavyochomoa karoti.

"Kijani," akasema.

"Hicho ni cha jana."

"Cha jana ulikianika kwenye waya wangu. Kipo mpaka sasa, kinanichafulia shuka."

Alinitoa nje. Akanipa kitambaa kipya kabisa, akafunua gunia mwenyewe, akasimama amekunja mikono. Nikatia dawa kidogo. Nikasugua juu ya lile doa mara tano, na nakiri nilisugua nimefumba macho. Nilipofumbua, kitambaa kilikuwa na kijani cha majani ya chai, kibichi, safi. Kama ingekuwa praima, kingetoka kijivu. Rangi ilikuwepo. Ilikuwa imepata weupe ndani yake, basi.

Na hapo ndipo nilipokumbuka, nikashika kichwa.

Siku tuliyolipaka gari lile kulikuwa kweupe asubuhi, lakini mchana ukungu ukaanza kushuka kutoka Magamba. Foromani alifunga milango yote akaendelea, amebakiza boneti tu. Alikuwa amemaliza mkono wa tatu wa rangi. Nje akapita mama muuza maandazi, akaita. Mimi nikafungua mlango mkubwa, wote, kwa sababu ule mdogo ulikuwa na ndoo nyuma yake na nilikuwa na haraka. Ukungu uliingia na mimi, na maandazi yangu manne. Boneti ikabadilika mbele ya macho yetu, katikati, mviringo kama sahani. Foromani hakukohoa hata kukohoa. Alifunga mlango, akasubiri tuwashe jiko la mkaa mbali pembeni hewa ikauke, akachanganya tina ya kukawia, isiyokausha rangi upesi, akapiga mikono mingine mitatu juu yake mpaka weupe ukapotea machoni. Kisha akasema, "Tumeuzika ukungu humo ndani. Siku moja mjinga fulani ataufukua."

Mjinga alikuwa anakula andazi wakati anaambiwa.

Kwa hiyo chini ya doa lile kulikuwa na kijani kingine, mikono miwili mizima ya Foromani. Nilijua sasa ninaelekea wapi. Nilifanya mikono mitano badala ya kumi, siku nne nzima, kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kimelegea. Siku ya nne asubuhi weupe ulikuwa umebaki kama kovu la ndui, mchana haupo. Nilipangusa, nikatia nta, nikaita mke wangu aje aone. Akasema ni pazuri, je, sasa nitakula? Nilikula sahani mbili. Nilijihisi mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni na bado mabega yanamwambia upo.

Mama Daktari alikuja Jumamosi na mwanawe. Alilizunguka gari lote. Alipofika kwenye boneti aliweka kiganja, akakiacha hapo.

"Ndicho chenyewe," akasema.

Mwanawe aliinama akatazama pembeni, kama wanavyotazama watu wanaotafuta kosa. Akanyooka. "Mzee, nilisema kimekufa. Nilikosea." Nikampenda hapo hapo.

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilikuwa nimechoka kuujua ukungu ule peke yangu, nikamweleza mama habari ya mlango na maandazi, yote, nikimalizia kwa kusema kwamba alilolisema Foromani juu ya mjinga ni kweli tupu. Mama Daktari alinitazama, akafunika mdomo kwa ukingo wa kanga.

"Miaka yote ile!" akasema. "Mume wangu anawatambia wageni, 'Tazameni kazi ya misheni,' kumbe anaendesha ukungu wa maandazi!"

Alicheka mpaka akashika mlango wa gari, nami nikaogopa alama za vidole, lakini nikaacha kitambaa mfukoni. Wakafunua turubai. Mwanawe akawasha, likakohoa, likakubali. Wakaondoka polepole kuelekea barabara kuu, mama amekaa upande ule ule aliokaa alipokuwa binti, kanga inapepea, na sauti ya kicheko chake tuliisikia mpaka walipopinda kona.

Watu huniuliza kazi ile imenipa nini. Mgongo mbovu na pua isiyosikia harufu ya maua. Lakini nilikaa miaka yote nikipunguza vitu vya watu kidogo kidogo, na mara moja, mwishoni kabisa, nilisimamisha mkono kukiwa bado kuna kitu. Nimekifunga kile kitambaa cha mwisho kwenye gazeti, nimekiweka juu ya kabati. Asubuhi naangalia upande wa Magamba kwa mazoea tu. Ukungu ukishuka sasa, unashukia karoti, na karoti unazifaa.

Siku ile gari lilipopinda kona nilibaki barabarani, mikono nyuma, natazama vumbi. Sijui nilisimama muda gani. Mama Zaina alitoka na ndoo ya kabichi kichwani, akanipita, akarudi hatua mbili.

"Baba Upendo, ingia ndani. Umesimama hapo kama wewe ndiye uliyefiwa na mume, na mjane mwenyewe kaondoka anacheka."